Baridi ya Bara

Katika ujia wetu wa Timbwani, mimi ndiye wa kwanza kumpandisha mama yake mzazi ndege. Naanza na hilo kwa sababu wanaoisimulia safari yetu, na wengi wao hawakuwamo, huanza na mtoto kukakamaa, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Kitu kilikuwapo. Alikuwapo mtu aliyetoka kwenye nyumba ya makuti akafikia kukata tiketi za ndege za familia nzima kwa likizo ya Krismasi, bila mchango wa kanisa, bila mkopo, bila mjomba mwenye cheo. Wenzangu huwapeleka wazee wao bara kwa basi la usiku, wakashuka na miguu iliyovimba. Mimi nilitaka mama yangu ayaone mawingu kutoka juu.

Baba alikuwa kibarua wa bandarini. Akiitwa alikwenda, asipoitwa alikaa barazani akiitazama njia mpaka jua likapanda. Mama alikaanga mihogo akaiuza mlangoni pa shule ile ile niliyosoma. Mimi nilisoma kwa koroboi, nikaingia chuo cha ufundi, nikatoka na diploma ya friji na viyoyozi. Iko ukutani sebuleni, ndani ya kioo, na kila anayeingia kwangu huiona kabla hajaketi. Kisha nikaenda kazini Ghuba, kwa Waarabu. Nilianza kwa kuwabebea wenzangu ngazi, nikaishia kukabidhiwa ubaridi wa jengo zima, orofa juu ya orofa. Niliporudi sikurudi kama wale wanaorudi na redio na manukato. Nilijenga nyumba ya vigae, nikamtengea mama chumba chenye bafu lake, nikafungua karakana. Leo mahoteli ya Shelly Beach hunipigia simu mimi, na nyumba kubwa za Nyali hunitumia gari. Nikiingia katika chumba chochote najua kwa ngozi ya shavu kama mashine inafanya kazi au inapiga kelele tu.

Lakini mtoto wetu wa kwanza sikuwahi kumpakata. Alizaliwa nikiwa Ghuba, akafa nikiwa Ghuba. Nilimjua kwenye kioo cha simu: akipiga miayo, akinyonya ngumi, akitazama pembeni kama aliyeona kitu cha maana kuliko mimi. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, na likizo yake ya uzazi ilipokwisha alirudi kazini Changamwe, mtoto akawa anashinda na mama. Ilikuwa masika. Nyumba mpya ilikuwa haijaezekwa, ya zamani ilikuwa ikivuja. Mtoto akaanza kukohoa, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi. Mama alimfunga mgongoni kwa leso, akajitanda nyingine juu, akaenda naye kivukoni kwenye mvua. Alipofika ng'ambo na kumteremsha amtazame, mtoto alikuwa amekwisha kukata roho.

Hospitali waliandika nimonia. Mama hakulitumia neno hilo. Kwenye matanga, wanawake walipomuuliza ilikuwaje, aliwajibu neno moja, na akalirudia kwa kila aliyekuja kumpa mkono: "Alinipoa mgongoni."

Mke wangu hakumlaumu. Mimi pia sikumlaumu, wala kwenye simu, wala niliporudi. Tuliishi naye kwa heshima kuliko hata zamani. Lakini tangu msiba ule nyumbani mwetu kulikuwa na jambo lisilosemwa, na sisi watatu tulilizunguka kama watu wanavyokizunguka kisima kisicho na kifuniko. Mtu akiikaribia tu habari ya mvua, mwingine alianzisha habari ya kanisa.

Ndiyo maana niliivunja kandarasi nikarudi kabla ya huyu wa pili kuzaliwa. Huyu nilimpakata kabla hajakaushwa vizuri. Mama naye hakumwachia mtu. Alikuwa na mtindo wa kuingiza kidole chini ya soksi za mtoto, auguse wayo, na kama wayo ni wa baridi basi siku hiyo hata dirisha halikufunguliwa. Watu wetu ni wa Kaloleni, na kwa desturi yetu mtoto wa kiume hupewa jina kutoka kwa babu zake wa upande wa baba, kwa hiyo bibi humwita mume wake, na mke wa mwanawe humfanya mke mwenza. Mama aliupenda sana utani huo. Nikirudi karakana nilimkuta akimsuta mtoto kwamba amemtelekeza, hamletei hata kilo ya unga, kazi yake kulala na kunyonya kwa mke mdogo. Mke wangu, aliyezaliwa Changamwe kwa wazazi wa kutoka bara, mwanzoni aliona haya. Baadaye akauzoea, akawa anajibu.

Huyu mtoto ndiye aliyekuwa amebeba nyumba. Kila mmoja wetu alilijua hilo, na mama alilijua zaidi. Akikua salama mikononi mwake, basi yule wa kwanza atakuwa amekufa kwa nimonia, kama hospitali walivyoandika. Huyu akipatwa na neno, hakutakuwa na karatasi ya kumsaidia mama.

Wazazi wa mke wangu wamestaafu, wako Limuru, na walikuwa hawajamwona mjukuu wao. Nikapanga likizo kamili: tulale Nairobi kwanza, tuwaone wanyama, kisha tupande Limuru tule Krismasi na wakwe. Mama hakuuliza habari za hoteli wala wanyama. Aliuliza baridi. Mama mmoja wa umoja wao wa kanisani alikuwa amewahi kwenda kuzika Limuru, akamwambia kwamba kule maji ya kunawa yanachoma kama moto kwa ubaridi, na watoto wao wana mashavu yaliyopasuka. Hakumwambia kwamba alikwenda mwezi wa saba. Au pengine alimwambia, na mama akalichukua lile alilolihitaji. Kwake bara ni baridi mwaka mzima. Siku niliyomwonyesha tiketi kwenye simu, alinishukuru, akaniombea, na kesho yake akaagiza nyuzi za sufu.

Alifuma kila siku baada ya chakula cha mchana, joto la Disemba likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Sweta mbili, moja ya kuvaliwa juu ya nyingine. Kofia yenye masikio. Soksi za kufika magotini. Kazi yake ilikuwa safi, hilo sitamnyima mtu.

Asubuhi ya safari tulitoka chumbani tukamkuta amekwisha kumvisha mtoto. Fulana, shati la mikono mirefu, sweta zote mbili, soksi mbili mbili, kofia. Chini ya yote alikuwa amempaka mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, kifua na mgongo. Mtoto alikuwa ameketi kitandani mikono imemtengana na mwili kwa unene wa nguo, akitutazama.

"Mume wangu leo yuaenda ukweni," mama akasema. "Asije akaniaibisha kwa kukohoa mbele ya mke mwenzangu."

"Mwambie mumeo nauli yangu imelipwa," mke wangu akajibu. "Yeye ndiye anayesafiri bure, mapajani mwa watu."

Tukacheka. Mke wangu alisogea, akaishika ile sweta ya juu kwa vidole viwili, akasema kwa upole kwamba labda hii tungemvalisha tukifika. Mama akasema tutamvua tukifika, ikiwa hakuna baridi. Mke wangu akaiachilia. Akanitazama mimi, nami nikatazama mabegi.

Kumvua mtoto mikononi mwa mama hakungekuwa kumvua nguo tu. Kungekuwa kumwambia: hujui kumlea, tunakuangalia, tunakumbuka. Nguo ile ilikuwa jibu lake kwa mvua ile ya kivukoni, na hakuna aliyekuwa tayari kumrudishia jibu lake usoni asubuhi ya likizo.

Dereva alikuwa jirani yetu wa nyuma, kijana wa Kidigo mwenye mdomo. Tulipita barabara mpya ya Dongo Kundu ili tusivuke kwa feri, na kwa sababu barabara ile nzuri nilitaka mama aione. Vioo tulivifunga kwa amri ya mama, kwamba upepo wa darajani utampiga mtoto. Kiyoyozi cha gari kilikuwa kibovu. Nilimwambia dereva akilete karakana. Yeye alikuwa akimtazama mtoto kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

"Wallahi, bibi, huyu mwamhamishia Ulaya? Mbona mmemfunga kama furushi la mitumba?"

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. "Wewe endesha gari," akamwambia. "Wewe hujafiwa."

Basi dereva akaongeza mwendo mpaka uwanja wa ndege.

Ndani ya jengo la abiria viyoyozi vilikuwa vikifanya kazi sawasawa. Hilo nalisema kama fundi. Nilimweleza mama hewa inavyovutwa, inavyopozwa, inavyorudishwa, nikamwonyesha matundu ya darini. Alisikiliza kwa adabu akiyatazama matundu yale kama mtu anayeonyeshwa mashimo ya siafu. Bara yenyewe, akasema, kumbe imeanzia hapa. Akaingiza kidole kwenye soksi ya mtoto. Akafungua mkoba, akatoa shali, akamzungushia, na juu ya shali akamzungushia leso yake. Mke wangu alimnyonyesha pale pale kwenye viti, mtoto akanyonya kidogo akaacha, akalala. Tukaona ni vizuri, atalala safari nzima. Wenye watoto wengine walikuwa wakihangaika na makelele; wetu alikuwa kimya, na mimi, sitaficha, nilijivunia.

Ndege ilipoitwa, mama aliomba ampakate yeye. Nilimpa kiti cha dirishani, mke wangu akakaa katikati, mimi kwenye njia. Mhudumu, msichana wa kibara mwenye sauti laini, alileta mkanda mdogo wa mtoto akaupitisha kwenye mkanda wa mama. Akamsifu mtoto kwa sweta nzuri. Mama akafurahi, akamwambia amefuma mwenyewe. Nilimpiga picha. Katika picha ile mama amekaa wima kama yuko studio, na cha mtoto kinaonekana kipande cha paji la uso tu.

Milango ikafungwa. Tukakaa.

Rubani alitangaza kwamba kuna hitilafu ndogo ya kushughulikiwa, tuwe na subira. Muda si mrefu nikahisi kwenye shavu. Nikainua mkono juu ya tundu la hewa. Kilichokuwa kikitoka kilikuwa hewa tu, haina ubaridi, na baadaye hata hewa yenyewe ikakoma. Jua la saa sita lilikuwa juu ya bati lile, na sisi tumejaa ndani. Nilimwita mhudumu nikamweleza kitaalamu kwamba ndege ikiwa chini inapozwa na mtambo wake mdogo au kwa mashine ya nje, na kwamba hapa yote mawili yamezimwa. Akanishukuru, akasema mafundi wanalishughulikia. Nikamwambia mimi ni fundi. Akasema anaelewa, akaenda. Watu walianza kujipepea kwa zile karatasi za maelezo ya usalama. Mzee mmoja wa kanzu, upande wa pili wa njia, alivua kofia akajifuta upara kwa leso ya mfukoni.

Mama alikuwa akitokwa jasho usoni na shingoni, lakini hakujali. Alikuwa akiliangalia lile tundu la hewa juu yake kwa wasiwasi, akaniomba nilifunge kabisa, lisije likaanza ghafla likampuliza mtoto.

Mke wangu ndiye aliyeingiza mkono. Aliupitisha chini ya leso, chini ya shali, mpaka shingoni kwa mtoto, na nikaona uso wake unabadilika. Akaniambia anaungua. Akasema pia hana jasho, yuko mkavu. Mama akasema ni mafuta ya karafuu, yanatia joto, ndiyo kazi yake.

Hapo ndipo mtoto alipoanza kutikisika. Kwanza mguu mmoja, kwa midundo, kama anayepiga ngoma kwa ndani. Kisha mkono. Macho yalifunguka yakaenda juu, ukabaki weupe.

"Atetemeka," mama akasema. "Ana baridi." Akavuta leso akamfunika mpaka puani, akamkumbatia kwa nguvu, akamwinamia kwa kifua chake chote.

Niliruka juu ya mke wangu. Niliishika leso nikaivuta, nikaishika shali nikaivuta, na mama akawa anavuta kwake. Ana nguvu mama yangu. Mikono ile imekuna nazi na kubeba maji miaka yote. Alikuwa hanioni mimi. Nadhani aliiona mvua.

"Niachie! Utamuua," akasema. "Mwaniulia tena."

"Wewe ndiye unayemuua, mama," nikasema. "Wewe."

Sikulisema kwa sauti ya chini. Ndege nzima ilisikia. Mikono yake ikalegea palepale, yote miwili, kama iliyokatwa kamba, na mtoto akaja kwangu.

Nilimvua. Kofia, sweta, sweta, shati, fulana, soksi. Kifungo kimoja kilikataa nikakikata kwa meno. Mwili wake ulikuwa kama sufuria. Mke wangu alikuwa amesimama juu ya kiti akiita wafungue mlango, na mhudumu yule yule alikuwa akikimbia kwenda mbele. Mzee wa kanzu alinipa chupa ya maji, nikamwagia mtoto kichwani, kwapani, kwenye mapaja. Abiria wawili wakaanza kumpepea kwa zile karatasi. Alikuwa amekakamaa, mgongo umepinda, midomo imegeuka rangi. Nimetengeneza mashine nyingi katika maisha yangu, na kwa kila mashine najua kilichobaki cha kufanya. Pale sikuwa na la kufanya zaidi ya maji ya chupa moja.

Mlango ukafunguliwa, ngazi ikarudishwa. Nilishuka naye akiwa uchi. Gari la wagonjwa la uwanjani likatupeleka hospitali moja ya karibu, huko huko Changamwe uliko uwanja. Njiani mwili ulilegea, na kulegea kule kulinitisha kuliko kukakamaa. Mke wangu aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto na hakulitoa mpaka tulipofika.

Alipona. Nalitamka wazi kwa sababu wako wanaodhani tulizika. Daktari wa zamu, dada mpole, alisema ni joto: mwili mdogo umefungiwa ukashindwa kujipoza, ukapiga mtukutiko, yaani degedege. Akaniuliza ni nani aliyemvua na kummwagia maji. Nikasema ni mimi. Akasema nilifanya lililotakiwa, na kwamba kama tungesubiri zaidi angekuwa anazungumza nasi mengine. Ninayo haki ya kuyakumbuka maneno hayo. Akaongeza kwamba mtukutiko ulichukua muda mrefu, kwa hiyo tumtazame atakavyokua, hawezi kutuahidi jambo. Akasema pia, na nadhani alimsemea mama, kwamba huwaona watoto wa pwani wakifungwa nguo nyingi kwa sababu ya safari za bara, wala si ujinga, ni mapenzi.

Lakini mama hakuwamo chumbani. Alikuwa amekuja na teksi nyuma yetu, pamoja na mabegi. Nilimkuta ukumbini, amesimama, ingawa viti vilikuwapo. Nikamwambia mtoto yuko hai, amefungua macho, aingie amwone. Akasema ameshukuru Mungu. Akauliza kama mke wangu amekula. Nikarudia kwamba aingie. Akasema, "Mpeni mamake," kisha akanipa mkoba wa mtoto, akiwa ameushika kwa ncha, mkono umenyooka, na akatoka nje kutafuta gari la kwenda kivukoni.

Likizo iliishia hapo. Wakwe wakashuka wenyewe kwa treni, wakala Krismasi Timbwani chini ya feni. Mama aliwapikia, aliwapokea kwa shikamoo na maswali yote ya heshima, aliwatandikia. Mtoto alipopitishwa mkono kwa mkono, kila mara ilipokaribia zamu yake alikuwa na jambo jikoni. Wakwe hawakutambua. Mke wangu alitambua siku ya kwanza. Usemi wa mume wangu na mke mwenza ulikwisha. Sasa alisema mtoto, na akizungumza nami alisema mwanao.

Nilizungumza naye. Nilimkalisha sebuleni nikamweleza joto la mwili, jasho, damu, kama nilivyofundishwa na daktari na kama ninavyojua mwenyewe kwenye kazi yangu, maana kanuni ni ile ile. Nikamwambia hakuna anayemlaumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia, baba. Umesoma, na unayosema ni kweli." Kisha akaomba ruhusa ya kwenda kupumzika. Mama yangu, kuniomba ruhusa mimi, katika nyumba niliyojenga kwa ajili yake.

Mke wangu alijaribu kwa njia yake. Alikuwa akimwacha mtoto kitandani kwa mama kana kwamba amesahau, akaenda kuanika nguo. Mama aliketi mlangoni akimchunga asianguke, na akisogea ukingoni alimwita mke wangu. Hakuwahi kuinua mkono. Mke wangu akaniambia usiku mmoja, taa imezimwa, kwamba yeye hakuwahi kumwambia mama lile neno, hata alipomzika mwanawe wa kwanza, hata alipolifikiria. Mimi nilimwambia kwamba kama nisingelisema, mikono ile isingelegea, na tungekuwa na makaburi mawili. Mpaka leo hajanijibu.

Baada ya mwaka mpya mama alisema shamba la Kaloleni limebaki bila mtu, minazi inaibwa, anataka kwenda. Nilimwambia nitaajiri mlinzi. Akasema mlinzi hajui mipaka. Chumba chenye bafu nimekifunga. Ufunguo ninao mimi.

Mtoto alirudi nyuma kidogo. Kukaa alikokuwa amekuweza alikupoteza, akajifunza upya. Mkono wa kushoto hushika vitu kwa uzito. Akipata homa hata ndogo hukakamaa, na jioni hunywa dawa ya maji tunayoipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nimeweka kiyoyozi chumbani kwake, kizuri kuliko vyote ninavyowafungia matajiri wa Nyali, na kipimajoto ukutani.

Pasaka tulikwenda Kaloleni kumwona. Nilikuwa nimeshanunua gari, nikaliegesha mpaka ukutani ili majirani walione. Mama alikuwa amekonda, lakini alituandalia: wali wa nazi, samaki, mchicha. Alimsalimu mtoto kutoka upande wa pili wa ua, akampungia. Jirani yake, mwanamke wa makamo, ndiye aliyempokea mtoto akamrusharusha. Mama alimuuliza mke wangu maswali yote juu yake: analala vipi, anakula nini, meno, mkono ule. Maswali ya mtu asiyewaza jingine.

Baada ya kula mke wangu na yule jirani walikwenda kisimani. Tukabaki mimi, mama na mtoto kwenye mkeka, kivulini. Nikafanya nililokuwa nimelipanga tangu Timbwani. Nikasema ninaenda chooni. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama ukutani pasipo dirisha, nikangoja.

Haikuchukua muda akaanza kulia. Kwanza ule wa kuita, kisha ule wa hasira. Nikajiambia nisitoke. Hakuna mwanamke duniani, nikawaza, sembuse huyu, atakayemwacha mtoto alie miguuni pake. Kilio kikapanda, kikawa kile cha kukosa pumzi katikati, kile ambacho daktari alituonya tusikiache kiendelee. Nikasikia sauti ya mama. Alikuwa akimwimbia, wimbo wetu wa kubembelezea, ule wa kututaja ukoo mzima mpaka usingizi uje. Nikapumua. Nikajua amemchukua.

Nikatoka taratibu nisimshtue. Mtoto alikuwa palepale nilipomwacha, amelala chali, uso umelowa, mkono wake ulio mzima umenyooshwa juu. Mama alikuwa amepiga magoti pembeni yake, karibu kiasi kwamba machozi yake yalidondoka kwenye mkeka karibu na kichwa cha mtoto. Alikuwa akiimba. Mikono yake miwili alikuwa ameikalia.

Aliponiona hakuacha kuimba. Alisogea tu, akanipa nafasi nipite.